Kinanda Nilikipiga Mimi, Jina Langu Halimo

SWALI: Shikamoo Wakili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Leeds nchini Uingereza, na ninapiga kinanda katika bendi ya roki yenye watu wanne. Mwaka 2015 mwimbaji wetu alileta mazoezini wimbo aliokuwa ameutunga kwa gitaa, nami nikautungia kipande cha kinanda kinachoufungua na kurudi kabla ya kila ubeti. Wimbo ukasajiliwa kwa majina mawili, la mwimbaji na la mpiga gitaa, nusu kwa nusu. Sikusema kitu. Mwaka jana kampuni moja ililipia kuutumia katika tangazo la televisheni, na kinachosikika katika tangazo hilo ni kile kipande changu. Wenzangu wananiambia kwamba kupiga si kutunga, na kwamba hata kama ningekuwa na haki, nimeshachelewa. Je, nina haki yoyote? Nimechelewa kweli? Na je, ni lazima nitoke kwenye bendi ndipo niidai?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu jambo unalolieleza huwapata wanamuziki wengi, na mara nyingi humpata yule aliyenyamaza kwa kuwapenda wenzake na kuupenda muziki kuliko hesabu. Nianze na jibu fupi ili usiisome barua hii ukiwa na wasiwasi. Ikiwa mambo yalikwenda kama ulivyoyaeleza, unayo hoja nzuri ya kutambuliwa kuwa mtunzi mwenza wa muziki wa wimbo huo. Hujachelewa kulidai jina lako na sehemu yako ya mapato yatakayokuja. Sehemu kubwa ya fedha zilizokwisha kulipwa huenda usiipate. Na hakuna sheria inayokutaka utoke kwenye bendi. Sasa nikuonyeshe kila kauli kati ya hizo imesimama juu ya nini, na nini kinaweza kuiangusha.

Wenzako wanaposema kwamba kupiga si kutunga, wanasema kweli, ila hawakuifikisha mwisho. Wimbo mmoja tunaousikia redioni umebeba mali zaidi ya moja, na sheria ya Uingereza huzitenganisha. Kuna mashairi, ambayo ni mali ya aliyeyaandika. Kuna muziki wenyewe, yaani sauti na mfuatano wake, ambao ni mali ya mtunzi au watunzi. Kuna rekodi, ambayo ni mali ya aliyegharimia na kusimamia kurekodiwa kwake. Halafu kuna haki ya kila mpigaji juu ya upigaji wake ulionaswa katika rekodi hiyo. Mapato ya mashairi na muziki unapochezwa hadharani, redioni au mtandaoni hukusanywa na shirika la PRS, na yale ya kunakiliwa hukusanywa na shirika la MCPS. Mapato ya rekodi kuchezwa redioni na hadharani hukusanywa na shirika la PPL, ambayo humpa mwenye rekodi nusu na wapigaji nusu. Kwa hiyo hata ukishindwa kabisa katika dai la utunzi, bado unazo fedha za mpigaji, ambazo mwimbaji wako hana mamlaka ya kukunyima. Kama hujajisajili PPL na kuhakikisha kwamba jina lako limeandikwa kwenye rekodi hiyo kuwa mpiga kinanda, fanya hivyo wiki hii hii, kwa maana malipo ya miaka ya nyuma yana ukomo na hayakusubiri.

Dai lako kubwa, hata hivyo, ni la muziki, na kesi iliyo karibu nalo kuliko zote ni ile ya bendi ya Procol Harum. Nitakaa nayo kwa muda, kwa kuwa karibu kila swali lako limejibiwa humo.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Gary Brooker, mwimbaji wa bendi hiyo, alitunga muziki juu ya mashairi ya Keith Reid na kuurekodi kwa majaribio akiimba na kupiga piano. Mwezi Machi mwaka huo haki za wimbo huo, A Whiter Shade of Pale, zikakabidhiwa kwa kampuni ya Essex Music, na majina ya watunzi yakaandikwa kuwa ni Brooker na Reid. Katika siku hizo hizo Matthew Fisher alijiunga na bendi akiwa mpiga kinanda cha Hammond. Wakati wa mazoezi akatunga kipande cha vipimo 8, chenye harufu ya muziki wa Bach, yule mtunzi wa Kijerumani wa zamani, ambacho ndicho kinachoufungua wimbo na kurudi kati ya beti. Rekodi ilitoka Mei 1967, ikakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 6, na tangu hapo haijawahi kutoka masikioni mwa watu. Fisher alitoka kwenye bendi mwaka 1969, akarudi kupiga nayo tena katika miaka ya 1990, na muda wote huo jina lake halikuwamo miongoni mwa watunzi. Alifungua madai yake mwezi Mei 2005, miaka 38 baada ya kurekodi.

Mahakama Kuu ilitoa hukumu Desemba 2006. Jaji alikubali kwamba Brooker alikuwa amekwisha kutunga wimbo kabla Fisher hajafika, na hakumpokonya jambo hilo. Lakini alisema kwamba kile kilichorekodiwa na bendi nzima kilikuwa ni kazi nyingine ya muziki, iliyojengwa juu ya ile ya kwanza, na kwamba katika kazi hiyo ya pili kipande cha kinanda kilikuwa na uzito wa pekee hata kisiweze kuitwa pambo. Fisher aliomba nusu ya haki za muziki. Akapewa asilimia 40. Nakuomba uliangalie neno hilo muziki kwa makini. Hukumu ile haikuyagusa mashairi ya Reid, na kwa sababu hiyo asilimia 40 ya muziki si asilimia 40 ya wimbo wote. Wanamuziki wengi huusikia mfano huu nusunusu, kisha huingia kwenye mazungumzo na wenzao wakidai kisichodaiwa.

Brooker alikata rufaa. Aprili 2008 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba Fisher abaki na heshima ya kuitwa mtunzi mwenza, lakini kwa kuwa alikaa kimya kwa miaka mingi mno, asiwe na sehemu katika umiliki wala mapato. Fisher naye akaenda juu zaidi, kwenye Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho nchini humo. Tarehe 30 Julai 2009 waamuzi wote watano wakakubaliana kumrudishia asilimia 40 yake.

Sababu walizozitoa ndizo zinazokuhusu wewe, na mimi huzirudia kwa kila anayenijia akiwa amekata tamaa. Kwanza, sheria ya Uingereza haiweki muda ambao mtu akishaupita hupoteza umiliki wa hakimiliki yake. Pili, kuchelewa peke yake si kosa. Ni lazima kuchelewa huko kuwe kumewaumiza wale wengine, kiasi kwamba kumruhusu mdai kupata haki yake leo kungekuwa ni kuwadhulumu wao. Katika kesi ile haikuwa hivyo. Brooker na Reid hawakuumizwa na ukimya wa Fisher, bali ulikuwa umewafaidisha, kwani kwa karibu miaka 40 walipokea na sehemu iliyokuwa yake.

Lakini zipo fedha za nyuma, na hapa sina budi kukueleza ukweli usioupenda. Mahakama iliona kwamba Fisher, kwa kuwaacha wenzake waendelee kuuza na kuruhusu wimbo bila kupinga, alikuwa amewapa ruhusa ya kimyakimya kufanya hivyo bila malipo. Ruhusa ya namna hiyo haina maandishi, lakini ina nguvu, nayo ilikwisha siku alipofungua madai, tarehe 31 Mei 2005. Alilipwa kuanzia siku hiyo kwenda mbele. Miaka 38 iliyotangulia, pamoja na mafanikio yake yote, haikumletea chochote katika utunzi wa wimbo huo. Kwa hiyo, ndugu yangu, kila mwezi unaoendelea kunyamaza huku ukijua haki yako ni mwezi unaowapa wenzako ruhusa kwa mkono wako mwenyewe. Fedha za tangazo ambazo zimekwisha kulipwa kwa watunzi ziko katika hatari hiyo. Tangazo likirudiwa, mkataba ukiongezwa muda, au kampuni nyingine ikija, fedha hizo ni habari tofauti, mradi uwe umeshaandika.

Usije ukadhani kwamba Malodi waliufanya ukimya kuwa kitu kisicho na madhara. Mwaka 1995 mahakama ya London iliamua kesi ya Robert Godfrey, mwanamuziki aliyesaidia kupanga sauti za okestra za bendi ya Barclay James Harvest. Jaji alikubali kwamba alikuwa mtunzi mwenza wa baadhi ya nyimbo, lakini akaona kwamba wenzake walikwisha kuendesha maisha na biashara yao kwa miaka mingi wakiamini kwamba hana dai, na hivyo akamzuia kuiondoa ile ruhusa ya kimyakimya. Tofauti kati ya Godfrey na Fisher haiko katika idadi ya miaka, maana Fisher ndiye aliyekaa kimya muda mrefu zaidi. Iko katika ushahidi wa kile ambacho wenzao walikifanya kwa kuutegemea ukimya huo. Ikiwa mwimbaji wako, kwa mfano, alikopa fedha kwa kutegemea mapato ya wimbo, au aliuza sehemu ya haki zake kwa kampuni baada ya kukuuliza nawe ukamwambia huna neno, mambo hayo yataletwa mbele ya jaji. Kumbuka vizuri kama uliwahi kuulizwa, na ulijibu nini.

Nirudi sasa kwenye mzizi wenyewe: je, ulitunga, au ulipiga tu? Kesi ambayo wakili wa wenzako ataishika ni ile ya bendi ya Spandau Ballet, iliyoamuliwa mwaka 1999. Mwimbaji Tony Hadley, mpiga saksafoni Steve Norman na mpiga dramu John Keeble walimshtaki Gary Kemp, aliyekuwa ameandikwa kuwa mtunzi pekee wa nyimbo zao, na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiwagawia wenzake sehemu ya mapato ya utunzi kisha akaacha. Walishindwa. Jaji aliamini kwamba Kemp alikuwa akitunga nyumbani kwa gitaa lake, na kwamba wimbo ulipofika mazoezini ulikuwa umeshakamilika kichwani mwake: sauti yake, mfuatano wake, mashairi yake na umbo lake. Kilichofanywa na wenzake baada ya hapo, hata kile kipande cha saksafoni kinachojulikana na kila mtu katika wimbo wa True, aliona kwamba ni ufundi wa upigaji na ufasiri wa kazi ya mtu mwingine. Na kugawiwa fedha kwa hiari, alisema, hakukumfunga Kemp kuendelea kugawa milele.

Nakiri kwamba sehemu ya hukumu hiyo inayohusu saksafoni imekuwa ikinisumbua tangu nilipoisoma. Ninaona vigumu kumwambia mpigaji aliyeibuni sauti ambayo haikuwepo kabla yake kwamba kazi yake ni ufasiri. Ninadhani hata uamuzi wa mwaka 2009 haukuliondoa tatizo hilo, kwa kuwa mstari kati ya kubuni na kufasiri bado huchorwa na jaji mmoja akisikiliza rekodi na ushahidi wa watu wanaokumbuka mambo ya zamani kwa namna tofauti. Lakini hisia zangu hazitakusaidia mahakamani. Kitakachokusaidia ni kuonyesha kwamba kisa chako kinafanana na cha Fisher kuliko cha Norman.

Tuupime basi. Mwimbaji wako alileta gitaa na sauti. Je, katika alichokileta kulikuwa na utangulizi wowote? Je, alikuimbia kwa mdomo kitu kinachofanana na kile ulichokipiga baadaye, akasema hapa nataka kinanda kiende hivi? Ukijibu ndiyo, hoja yako inadhoofika, kwa maana ulitekeleza wazo la mwingine. Kama alisema tu jaza hapo mwanzoni, nawe ukaleta sauti yenye mwendo wake, ambayo mtu anaweza kuiimba kwa mluzi bila gitaa wala maneno na msikilizaji akautambua wimbo, hiyo ni dalili kubwa ya utunzi. Kwamba kampuni ya tangazo ilikichagua kipande hicho na kuyaacha mashairi hakuthibitishi sheria, lakini kunathibitisha uzito, na uzito ni nusu ya hoja.

Wapo watakaokuambia kwamba ili uwe mtunzi mwenza ilipaswa nyote mkubaliane tangu mwanzo kwamba mnatunga pamoja. Uingereza sheria haitaki hivyo. Inatosha kuwa mlishirikiana katika kuiumba kazi, kwamba mchango wako ni wa utunzi na si mdogo mno, na kwamba hauwezi kukatwa ukasimama kando kama kazi nyingine. Katika kesi ya bendi ya Bluebells mpiga fidla Bobby Valentino hakuwa hata mwanabendi. Aliitwa studio mwaka 1984, akalipwa ada ya siku yake, akatunga kipande cha fidla cha wimbo wa Young at Heart. Mwaka 1993 wimbo ulitumika katika tangazo la magari ya Volkswagen, ukapanda hadi nafasi ya kwanza, naye akadai. Mahakama Kuu, na baadaye Mahakama ya Rufani mwaka 2003, zilimkubali kuwa mtunzi mwenza, ingawa hapakuwa na nia ya pamoja iliyotamkwa. Bila shaka umeona jinsi kisa hicho kilivyo jirani na chako hadi kwenye tangazo.

Mambo haya ni ya Uingereza, na ninakuonya usiyachanganye na ya Marekani, kwa sababu wenzako wanaweza kuwa wamesoma habari za huko. Marekani mahakama nyingi hutaka nia ya pamoja, na dai la kuwa mtunzi mwenza lina ukomo wa miaka 3 tangu siku ulipokataliwa waziwazi. Herman Santiago na Jimmy Merchant, waliokuwa kundi moja na Frankie Lymon, walidai mwaka 1987 kwamba wao ndio walioutunga wimbo wa Why Do Fools Fall in Love wa mwaka 1956. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama likawaamini kwamba walishiriki kuutunga, lakini mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya ushindi huo kwa sababu moja tu, kwamba miaka 3 ilikuwa imepita zamani. Watu walioaminiwa kuwa watunzi walirudi nyumbani bila haki. Siwezi kuisoma kesi hiyo bila kuumia.

Kuhusu usajili: kuandikwa kwa majina yao PRS hakukuwafanya wao kuwa watunzi, na kutoandikwa kwako hakukukuondoa. Uingereza haina daftari la serikali la hakimiliki. Haki huzaliwa pale kazi inaponaswa, iwe kwenye karatasi au kwenye rekodi. Kinachoandikwa PRS ni maelekezo ya nani alipwe. Lakini maelekezo hayo yana nguvu ya mazoea, na sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo, kwani Malaika, wimbo ulioimbwa na Miriam Makeba na kurekodiwa na Boney M., hadi leo utunzi wake unagombaniwa kati ya jina la Fadhili William wa Kenya na la Adam Salim wa Tanzania. Jina likishakaa kwenye karatasi, mzigo wa kulisogeza huwa ni wa yule ambaye hakuandikwa.

Sasa lile tangazo. Kampuni ya matangazo hulipia vitu viwili: ruhusa ya kutumia utunzi na ruhusa ya kutumia rekodi. Katika ruhusa ya kwanza, sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inasema kwamba hakimiliki inapokuwa ya watu kadhaa kwa pamoja, ruhusa lazima itoke kwa wote. Hii ndiyo silaha yako kubwa katika mazungumzo, kwa kuwa ukitambuliwa kuwa mmiliki mwenza na ukawa umeiondoa ile ruhusa ya kimyakimya, mwimbaji na mpiga gitaa hawataweza kuuza tangazo jingine bila saini yako. Itumie kwa busara. Mteja anayesikia kwamba wimbo una ugomvi huchagua wimbo mwingine, na hapo mtakuwa mmeshinda wote kwa kupoteza.

Ruhusa ya pili, ya rekodi, huenda ikawa na fedha zako ambazo hukuzitaja kabisa katika swali lako. Hujaniambia ni nani aliyegharimia kurekodi. Kama ni ninyi wanne kwa mfuko wa bendi, rekodi hiyo huenda ni mali ya ubia wenu, na hapa itakufaa kesi ya kundi la The Smiths la Manchester. Morrissey na Johnny Marr walikuwa watunzi, na mpiga dramu Mike Joyce hakuwahi kupinga kwamba mapato ya utunzi ni yao. Alichopinga ni mapato ya rekodi na maonyesho, ambayo wao walichukua asilimia 40 kila mmoja, yeye na mpiga besi Andy Rourke wakipewa 10 kila mmoja. Rourke alikubali kumaliza dai lake mapema kwa malipo ya mara moja. Joyce akaendelea, na mwaka 1996 akashinda. Morrissey akakata rufaa, nayo ikakataliwa mwaka 1998. Sheria ya ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo bado inatumika, inasema kwamba wabia wasipokubaliana vingine hugawana sawa. Watu wanne, kila mmoja robo. Haikutosha kwa wakubwa wa kundi kuamini kwamba wengine wanajua watapata kidogo; ilibidi wathibitishe makubaliano, nao hawakuweza. Kwa hiyo uliza kwa upole, na kwa maandishi, ada ya rekodi katika tangazo hilo ilikuwa kiasi gani na iliingia katika akaunti ya nani. Inawezekana kabisa kwamba wewe, na mwenzenu wa nne ambaye hukumtaja, mna robo zenu huko pasipo haja ya kubishana juu ya utunzi hata kidogo.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, tafuta kila karatasi uliyoisaini tangu 2015. Hakimiliki nchini Uingereza haihami bila maandishi yaliyosainiwa na mwenye haki, na katika kesi ya Fisher hoja kwamba mkataba wake wa kurekodi ulikuwa umekwisha kuichukua haki yake ilikataliwa. Lakini mikataba ya siku hizi huandikwa kwa mapana kuliko ile ya 1967. Ikiwa ulisaini mkataba na kampuni ya kurekodi au ya usimamizi wa nyimbo, mpelekee wakili ausome neno kwa neno. Kisha kusanya ushahidi: sauti mlizonasa kwa simu mazoezini, ujumbe mliotumiana, rekodi za majaribio zenye tarehe. Rekodi moja ya simu yenye mwimbaji akiimba na gitaa lake kabla ya kinanda kuingia, na nyingine ya wiki iliyofuata ikiwa na kipande chako, itazungumza kuliko mashahidi kumi. Usiifute hata kama imejaa makelele. Zinakili zote na uziweke mahali pawili.

Baada ya hapo andika barua yenye tarehe kwa mwimbaji na mpiga gitaa, useme mambo matatu: kwamba unajitambulisha kuwa mtunzi mwenza wa muziki wa wimbo huo kama ulivyorekodiwa, kwamba kuanzia tarehe ya barua ruhusa yoyote ya kuutumia bila malipo kwako imekoma, na kwamba uko tayari kuzungumza. Kama wewe ni mwanachama wa PRS, au ukishajiunga, wajulishe kuhusu mgogoro huo, kwa sababu wana utaratibu wa kuzuia malipo ya sehemu inayogombaniwa mpaka wahusika wakubaliane au mahakama iamue. Chama cha wanamuziki cha Uingereza, Musicians' Union, huwapa wanachama wake ushauri wa kisheria kuhusu ubia wa bendi, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu asiye na fedha za wakili. Mkifika mahakamani, ombeni iwe IPEC, mahakama ya migogoro ya namna hii, ambako fidia haivuki pauni 500,000 na gharama ambazo aliyeshindwa huamriwa kumlipa mwenzake zimewekewa kikomo. Kesi ya Fisher ilipita ngazi tatu za mahakama kwa miaka minne, na sipendi wewe upite njia hiyo.

Udai kiasi gani? Hakuna kipimo kilichoandikwa. Fisher alipata asilimia 40 ya muziki kwa kipande ambacho bila hicho wimbo haufikiriki. Katika kesi nyingine, ya mswada wa filamu kuhusu Florence Foster Jenkins, Mahakama ya Rufani mwaka 2019 iliamuru kesi isikilizwe upya, na mwaka 2021 Julia Kogan, aliyedai kuwa mwandishi mwenza, akapewa asilimia 20 kwa mchango uliokuwa mdogo kuliko wa mwenzake. Mimi ningeanza mazungumzo kwa theluthi ya muziki, mashairi yakiachwa kwa aliyeyaandika, na ningekuwa tayari kushuka hadi robo ili kumaliza bila kesi. Wenzako wakiona ni kubwa, wakumbushe kwamba R.E.M. na U2 walijenga maisha yao ya muziki juu ya kugawana utunzi sawa, na kwamba Queen, kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, baada ya miaka mingi ya kuvutana juu ya wimbo wa nani utoke, waliamua katika albamu yao ya mwaka 1989 kwamba kila wimbo uandikwe kwa jina la kundi zima. Mvutano ule haukuwa wa heshima peke yake. Wimbo wa Roger Taylor uliowekwa upande wa pili wa sahani ya Bohemian Rhapsody mwaka 1975 ulimletea mirabaha ya mauzo sawa na ule wa upande wa kwanza, kwa kuwa aliyenunua sahani alinunua pande zote mbili.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi, kwa maana nimeona kwamba unaipenda bendi hiyo. Haki ya mtunzi haitegemei kuwemo wala kutokuwemo. Fisher alitoka mwaka 1969 na haki haikutoka naye. Akarudi, na kurudi hakukuifuta. Hadley, Norman na Keeble walishindwa mahakamani mwaka 1999, na mwaka 2009 walipanda tena jukwaani pamoja na Kemp. Ningekushauri ubaki, na ubaki ukiwa umeandika. Barua ile usiitume kwa ujumbe wa simu saa sita za usiku baada ya onyesho. Mwambie mwimbaji ana kwa ana kwamba inakuja, mweleze kwa nini tarehe yake ina uzito kisheria ili asiione kuwa ni tangazo la vita, kisha mkabidhi mkononi. Na kabla hamjaingia studio kwa ajili ya wimbo unaofuata, andikeni karatasi moja, siku ile ile wimbo unapokamilika mazoezini, yenye jina la wimbo, asilimia za muziki, asilimia za mashairi, na saini nne.